Vifaa vya kujikinga kwa mwanafunzi wa kuweldi Kisumu: nilichonunua, kilichonifaa na kile kilinimalizia pesa

Niko mwezi wa nane kwa kozi ya kuweldi hapa Kisumu na kila wiki kuna mtu, sanasana hawa wamejiunga muhula huu, ananiuliza helmeti nilinunua wapi na ilikuwa pesa ngapi. Wacha niandike yote mara moja. Tangu nianze nimetumia shilingi elfu kumi na mbili na kitu kwa vifaa pekee, na kati ya hiyo 3,050 ilienda kwa vitu ambavyo saa hii situmii, helmeti moja, glovu pea moja na buti pea moja. Karo yangu inalipwa na mama anayeuza omena soko la Kibuye, kwa hivyo 3,050 ni siku mingi za yeye kukaa juani. Sitataja majina ya maduka kwa sababu mzigo unabadilika kila mara, leo duka liko na kitu poa mwezi ujao limeleta ingine kabisa, chenye kitakusaidia ni kujua kuangalia kitu ukiwa umekishika mkononi.

Naanza na macho juu hapo ndipo nilijifunza kwa uchungu.

Wiki ya kwanza hatukuwa na vifaa vyetu, tulikuwa watu wanne kwa ngao moja ya kushika mkono, na kioo chake kilikuwa na ufa umebandikwa selotepu. Niliweldi siku hiyo nikajisikia sawa kabisa, nikaenda nyumbani Manyatta nikala nikalala. Saa nane usiku nikaamka nikidhani mtu amenimwagia mchanga kwa macho, machozi hayakatiki, taa ya simu inauma kama sindano, siwezi kufungua jicho hata kidogo. Mama akakata viazi vibichi akaniwekea, baridi yake ilinituliza lakini haikuponya kitu. Asubuhi tukaenda kliniki nikaambiwa miale ya UV imechoma ngozi ya juu ya jicho, nikapewa dawa ya kupaka na kuambiwa nikae gizani, ikaisha kama siku mbili hivi. Daktari alinionya pia nisitafute yale matone ya kufisha ganzi niwe najiwekea, kwa sababu jicho likikosa kuhisi haliponi vizuri. Kitu inatisha na hii maneno ni kwamba haiumi wakati unachomeka. Inakuja masaa sita, nane, hata kumi na mbili baadaye, kwa hivyo ile kusema "nimeangalia kidogo tu na sijaumia" haina maana yoyote mpaka kesho yake.

Na si lazima iwe ni moto wako. Mimi naamini nusu ya ile ilinipata ilitoka kwa jirani, nikiwa nimeshusha ngao nikisafisha kazi yangu yeye ndio anawasha. Mwanga ukitoka nyuma yako pia unaingia ndani ya helmeti, unagonga kioo kwa ndani na kurudi kwa jicho. Kama mnaweldi wengi mahali pamoja ning'inizeni pazia katikati, hata turubai nzito itasaidia, na kabla hujawasha piga kelele "macho!" wenzako wageuke.

Sasa helmeti. Baada ya hayo macho nilienda mjini na 2,000 mfukoni nikiwa na hasira ya kununua kitu kizuri. Jamaa wa duka akanionyesha ile ya otomatiki, ile kioo chake kinajifanya cheusi chenyewe moto ukiwaka, iko na michoro ya moto na mafuvu kwa upande, 1,800. Nikamuuliza, "Boss, hii ni shedi ngapi?", yaani nambari ya weusi wa kioo. Akaniambia, "Madam, hii ni otomatiki, inajijua." Nikaridhika na hilo jibu, nikalipa.

Hiyo helmeti ilikuwa na sensa mbili pekee, vile vijicho vya kuhisi mwanga, ndogo, juu ya kioo. Ukiweldi mahali bomba au mkono wako unaziba sensa, kioo kinafunguka katikati ya kazi, unapigwa na mwanga, kinafunga, kinafunguka tena. Kufika jioni kichwa kinauma. Betri imefungiwa ndani haitoki. Na ndani ya kioo hakuna nambari yoyote imeandikwa, hakuna hata moja. Nilirudisha wakakataa. Napea moja kwa tano na hiyo moja ni ya mkanda wa kichwa ambao ulikuwa unakaa vizuri.

Yule aliniamsha ni mzee mmoja fundi hapo Kibuye, sisi humwita Jaduong', ana kibanda cha milango na madirisha na Jumamosi ananiruhusu nifanye mazoezi na vipande vyake vya chuma. Akaichukua akaigeuza akatafuta maandishi, akanirudishia. "Nyara (binti yangu kwa Kijaluo), kitu haijaandikwa chochote utajuaje inakinga nini?" Na ndio ukweli. Helmeti nzuri ya otomatiki inazuia UV hata wakati kioo kiko wazi, hata betri ikiisha, kwa sababu kuna tabaka la kichujio ambalo liko pale wakati wote, ule weusi unaokuja na kwenda ni wa kupunguza ukali wa mwanga tu. Lakini hiyo ni kama mtengenezaji aliweka hicho kichujio. Kama hakuna alama utaamini nani?

Alama yenyewe si ngumu kusoma. Kwa kioo utaona kitu kama 4/9-13, alafu herufi za kampuni, alafu 1/1/1/2/379. Ile 4 ni weusi wa kioo kikiwa wazi, 9-13 ni weusi kikifunga na unaweza kuchagua kati ya hapo. Zile namba nne ni ubora wa kioo, unaona vizuri kiasi gani, mwanga unatawanyika kiasi gani, weusi uko sawa kila upande au una madoa, na ukiangalia kwa pembe bado uko sawa. 1 ndio bora, 3 ndio mbaya. 379 ni EN 379, kiwango cha Ulaya cha vioo vya aina hiyo kabla hakijabadilishwa na EN ISO 16321. Zile zimefuata kiwango cha Marekani huandikwa Z87. Alama inaweza kughushiwa, hilo najua, lakini duka likikuuzia kitu hata kughushi hawajajaribu, wewe toka.

Nikaweka hiyo ya 1,800 chini ya kitanda nikanunua helmeti ya kawaida ya kuinua na kioo kisichobadilika, 700. Plastiki nyeusi nzito, kioo cha inchi 2 kwa inchi 4 na robo, kimeandikwa 10 kwenye kona. Hiyo nimeitumia miezi mitano na naipea nne na nusu kwa tano. Haina betri, haina sensa, nambari ni ile ile asubuhi na jioni. Nusu niliyotoa ni kwa sababu mtu anayeanza haoni kitu kabla hajawasha, unalenga rodi (kile kijiti cha chuma kinachoyeyuka kuwa mshono) gizani, ukigusa inakwama ama inawaka inchi mbili kutoka pale ulikuwa unataka, na hapo ndipo watu huanza kuinua kidogo wachungulie. Dawa yake ni mazoezi. Weka rodi mahali pake, tuliza mkono, tikisa kichwa helmeti ianguke, alafu ndio ukwaruze. Nilirudia hiyo kitu na mashine ikiwa imezimwa mpaka shingo ikauma.

Kuhusu nambari, wengi hapa wanaambiwa tu "chukua nyeusi". Kwa rodi za geji 12, zile za 2.5 milimita tunazofanyia mazoezi, unakuwa kati ya ampea 60 na 100, kioo cha 10 kinatosha. Ukipanda geji 10 na ampea 120 au 140 mimi huweka 11. Ukipita 160 nenda mpaka 12. Kioo kikiwa cheusi kupita kiasi huoni dimbwi la chuma kilichoyeyuka, unainama karibu zaidi ndio uone, sasa unavuta moshi wote. Kwa hivyo nyeusi zaidi si salama zaidi.

Na kuna miwani za duara za kijani zinauzwa kila mahali 200, watu wanaziita za welding. Ni kweli ni za kuweldi, lakini ya gesi. Kioo chake huwa ni 5. Ukilinganisha na 10 inapitisha mwanga zaidi ya mara mia moja, juu hizi nambari hazipandi kama ngazi za kawaida, kila ukipanda mbili na kidogo mwanga unapungua mara kumi. Nimeona vijana wa jua kali wakizitumia kwa kuweldi ya stima, na wengine wako na miwani ya jua ya kawaida, wanafumba jicho moja wanagusa. Naelewa ni haraka na ni mazoea, lakini wewe mwanafunzi usianze hivyo. Na pia uso wote unabaki wazi.

Usisahau vile vioo vyeupe vya kukinga, vya 30, vinakaa mbele ya kile cheusi kupokea cheche. Ukiona vimejaa vidoadoa badilisha. Watu wanaacha mpaka hawaoni alafu wanasema kioo cha 10 ni kibaya.

Mwezi wa sita ndio nikanunua otomatiki tena, 3,800, sensa nne, betri ya CR2032 unabadilisha mwenyewe, alama zote ziko. Iko na kifungo cha usikivu na cha kuchelewa kufunguka na sehemu ya grainda, ile mashine ya kusaga chuma. Kwa kweli nimejifunza haraka zaidi nayo, mstari wangu umenyooka ndani ya wiki mbili kwa sababu naona pale naanzia. Tahadhari moja ya hapa kwetu: ukifanya kazi nje saa sita, jua la Kisumu likigonga sensa kioo kinajifunga chenyewe kabla hujawasha. Punguza usikivu kidogo ama geuka jua likae nyuma yako. Ukipunguza sana nayo haitashika moto mdogo, kwa hivyo jaribu kwa kipande kibovu kwanza. Dukani pia jua ndio kipimo cha haraka, toka nje uielekeze juu, isipofunga kabisa hata usiulize bei. Ikifunga bado soma alama, kufunga pekee hakutoshi.

Chini ya helmeti, yoyote ile, vaa miwani safi ya plastiki ngumu, yangu ni 150. Ukimaliza kuweldi unainua helmeti unagonga lile gamba juu ya mshono na nyundo, na lile gamba linaruka likiwa moto. Mwenzangu liliingia kwa nyusi, sentimita mbili chini lingekuwa jicho. Kwa shilingi 150 sioni kitu kingine kwa hii orodha chenye faida kama hiyo.

Glovu. Pea ya kwanza 450, zile nyekundu ndefu za ngozi. Wiki tatu mshono ukafunguka pale kidole gumba kinaanzia, kuangalia nikapata uzi ni wa kawaida na uko nje nje, cheche zimeukata moja moja. Za pili 900, uzi umefichwa ndani ya mshono na ni wa ile aina ya njano haishiki moto, zimefika miezi minne sasa. Kwa hivyo usiangalie ngozi peke yake, fungua mshono na kidole uangalie uzi uko wapi.

Saizi ni shida kubwa kwa sisi wasichana. Karibu zote madukani ni 10, mkono wangu ni 8, vidole vinacheza ndani mpaka huwezi kushika rodi ikatulia, na mtu akichoka hivyo anazivua. Nilizunguka maduka sita nikapata pea moja ya 9 nikakubali. Ngozi laini ya mbuzi inashika vizuri zaidi lakini hizo ni za TIG, ile kuweldi ya kazi laini isiyo na cheche nyingi, kwa rodi za kawaida joto linapita, kwa maandishi utaona Type A ni za kazi nzito na Type B za mkono mwepesi. Chukua A kwa rodi.

Vitu viwili kuhusu glovu ambavyo hakuna mtu wa duka atakuambia. Usishike chuma moto nazo, tumia koleo. Ngozi ikishika joto inajikunja na kukauka kama omena kwa turubai, na hairudi tena. Ya pili ni jasho. Huku ziwani hewa ni nzito, saa tano asubuhi glovu imelowa ndani, na glovu iliyolowa haikukingi na stima. Mashine nyingi zikiwa kwa stima lakini hujawasha moto wa rodi ziko na volti 60 mpaka 80 pale kwa kishikio, mkono mkavu hausikii kitu, mkono umelowa utaruka. Mimi naanika zangu juani saa ya chakula, zikilowa kabisa naacha kazi mpaka zikauke. Nimechekwa kwa hilo na sijali.

Nguo ndio mahali utaokoa pesa. Usinunue ovaroli mpya kama pesa ni kidogo, kwa sababu nyingi za bei ya chini zimechanganywa na poliesta, na poliesta haiungui kama nguo, inayeyuka na kunata kwa ngozi. Nenda Kibuye siku ya mitumba utafute jinzi nzito. Jaketi yangu ilikuwa 250 na suruali 200, zote pamba asilimia mia. Kama kitambulisho cha ndani kimekatwa omba muuzaji uvute uzi mmoja kwa pindo, uchome na kiberiti. Pamba inanuka kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta inajikunja kuwa kashanga kagumu keusi. Wauzaji wengi hawakatai ukiomba vizuri, mama mmoja hata alinisaidia kushika kiberiti, akaniambia "jaribu ingine mwanangu, usichukue hiyo", na alikuwa anajinyima mauzo.

Suruali ikae juu ya buti, usiikunje chini, ule mkunjo ni kibakuli cha cheche. Mifuko ya kifua iwe na kifuniko. Rangi nyeusi au bluu nzito ni bora kuliko nyeupe kwa sababu nyeupe inarudisha mwanga usoni chini ya helmeti. Funga kifungo cha mwisho cha shingo hata kama kuna joto aje, mimi niliacha wazi siku moja nikapata pembetatu nyekundu hapo chini ya koo, ikababuka baada ya siku tatu sawa na mtu ameungua na jua.

Na dada zangu, nywele. Zile za kusuka za dukani ni plastiki, cheche moja inayeyusha rasta tatu pamoja. Funga leso ya pamba kwa kichwa mpaka shingoni kabla ya kuvaa helmeti. Hereni na mkufu acha nyumbani. Nguo ya ndani pia iwe pamba, juu cheche ikipita jaketi inakutana na hiyo.

Eproni ya ngozi sijanunua. Nimevaa ya Jaduong' mara kadhaa, ni nzuri ukikaa chini na kazi iko kwa mapaja, lakini kwa kazi ya darasani tukiwa tumesimama mezani jinzi imenitosha.

Buti nilianza na za mitumba, 800, za chuma mbele, ngozi bado safi nikafikiri nimeokota. Wiki mbili soli ikaanza kubomoka vipande vipande kama mandazi ya juzi. Kumbe zile soli laini za poliuritheni huoza zenyewe zikikaa miaka stoo hata kama hazijavaliwa, ngozi ya juu inabaki safi soli imekufa. Kabla ya kununua kunja kiatu kwa nguvu na ukwaruze soli na ukucha, ikitoa unga rudisha. Sasa niko na mpya za 2,400, zimeandikwa EN ISO 20345 na S3. Hiyo namba maana yake chuma cha mbele kimepimwa kwa nguvu ya jouli 200, kama kilo 20 ziangushwe kutoka mita moja hivi, na S3 iko na kinga chini ili msumari usipenye, na sakafu ya karakana ni misumari na vipande vya bati kila mahali. Namba yangu ni 39 nikaagizwa nisubiri siku kumi, nikasubiri. Tano kwa tano, ingawa wiki ya kwanza zilinikata visigino.

Kama buti bado huna pesa, viatu vya ngozi vya shule vilivyofunika mguu wote ni afadhali kwa muda, na suruali ifunike kamba. Raba hapana, ule wavu wa juu unayeyuka. Na sandali naomba usijaribu hata kidogo, hata siku moja.

Sasa moshi, na hapa naomba usome pole pole kwa sababu hakuna mtu huongea juu yake.

Mwezi wa tatu tulipewa kazi ya bomba za mabati, zile zimepakwa zinki. Niliweldi mchana wote ndani ya banda, hakuna upepo. Jioni mdomo ukawa na ladha ya sarafu, saa mbili usiku nikaanza kutetemeka, homa, viungo vyote vinauma, kifua kimebana. Hapa Kisumu ukitetemeka kila mtu anasema malaria, na ni haki yao kusema. Nikapimwa, hakuna malaria. Kesho yake jioni nikawa sawa kama hakuna kitu kilitokea. Ilikuwa moshi wa zinki, ni ugonjwa unajulikana kwa mawelda dunia nzima, unaanza masaa kadhaa baada ya kazi na unaisha kwa siku moja au mbili. Nafikiria ni mafundi wangapi hapa wamemeza dawa za malaria kwa sababu ya mabati. Ukitetemeka nenda upimwe, usibahatishe, lakini mwambie daktari umekuwa ukiweldi nini.

Maziwa hayasaidii. Najua kila karakana kuna pakiti ya maziwa saa kumi na wazee wanaamini inasafisha kifua, na kuwanyima maziwa si nia yangu, ni chakula kizuri. Lakini maziwa yanaenda tumboni na moshi uko kwa mapafu. Zinki inaondoka baada ya siku mbili, lakini madhara mengine ya moshi wa kila siku hayatangazi kuja kwake. Mwaka wa 2017 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliweka moshi wa kuweldi kwa kundi la kwanza, lile la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na hapo wanaongelea moshi wa kuweldi wote, chuma cha kawaida kikiwemo.

Kwa hivyo maski. Zile za bluu za hospitali hazizuii huu moshi, hewa inapita pembeni. Nunua N95 au FFP2, mimi huzipata 150 moja. N95 ya kweli ina mikanda miwili inayozunguka kichwa na imeandikwa NIOSH, shirika la Marekani linaloidhinisha hizo maski, na namba inaanza na TC-84A, ukiona imeandikwa N95 lakini ina vitanzi vya masikio hiyo iwekee shaka. Ibane pua, puliza, hewa isitoke pembeni. Inakaa chini ya helmeti vizuri. Mimi hutumia moja kama siku mbili tatu za mazoezi, ikianza kuwa ngumu kupumua natupa. Haizuii gesi, inazuia chembe tu, kwa hivyo bado simama vizuri, kichwa kisikae juu ya moshi, upepo utoke ubavuni kwako upeleke moshi kando. Bomba za mabati toa ile zinki na grainda sentimita chache kila upande wa mshono kabla ya kuweldi, na uwe na maski wakati wa kusaga pia. Kifaa changu kinachofuata kununua ni ile maski ya mpira ya nusu uso na vichujio bapa vya P100, bado naweka pesa.

Masikio, nunua vile vidude vya sifongo vya kuziba, ni pesa kidogo. Grainda kwa bati inapiga kelele mpaka usiku unasikia filimbi kichwani, na ukiweldi ukiwa umelala chini cheche inaweza kuingia sikioni.

Kuna mwenzetu aliniuliza juzi, "dada, mimi niko na 3,000 tu, nianze na gani?" Nilimwambia helmeti ya 700 yenye kioo cha 10, miwani 150, glovu za 900, jinzi juu na chini 450, maski mbili 300. Hiyo ni 2,500. Mia tano inayobaki aweke kwa buti, avae viatu vya shule kwa sasa. Alitaka sana otomatiki, nikamwonyesha ile yangu ya mafuvu chini ya kitanda. Akasema hata karakana ataenda attachment, yaani mazoezi ya kazini, watampa vifaa. Inafaa wampe, sheria ya usalama kazini ya 2007 inamwambia mwajiri atoe, na yeye aulize siku ya kwanza kwa heshima kabla hajashika rodi. Lakini aende na miwani na glovu zake mwenyewe zile zinamtosha mkono, kwa sababu za kugawana huwa ni saizi 10 na zimelowa jasho la mtu mwingine.

Kwa jinzi Kibuye nenda Jumapili na ufike kabla ya saa mbili asubuhi, zile nzito huchukuliwa mapema, na beba kiberiti chako.